Taasisi ya Marekani imenijibu kwa kuchelewa kwamba haina nyaraka: naweza kwenda mahakamani bila ya kukata rufaa kwao?

Mtafiti wa Tunguu

Assalamu alaikum. Naomba msaada wa wanaoifahamu sheria ya Marekani ya kupata nyaraka za Serikali, kwa sababu hapa Unguja nimewauliza mawakili wawili na kila mmoja amenipa jibu lake.

Ninaandika historia ya kituo cha kufuatilia vyombo vya angani ambacho Wamarekani walikijenga Tunguu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Zanzibar ilipokuwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza, kwa ajili ya mradi wao ulioitwa Mercury. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kwa zamu, baada ya kile cha Kano, Nigeria, na kabla ya meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi. Wanasiasa wa wakati ule waligombana sana juu yake, na baada ya Mapinduzi, katika mwaka 1964, Serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondoshwe, nacho kikaondoshwa. Utafiti wangu nilianzia Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, nikapata kidogo. Ninachokitafuta sasa ni upande wa pili wa barua hizo, ule ulioandikwa Washington.

Tarehe 4 Machi nilipeleka ombi kwa baruapepe kwa taasisi moja ya Serikali ya Marekani, ambayo si lazima niitaje. Tarehe 11 Machi nilipata barua fupi yenye namba ya ombi, ikieleza kwamba limepokelewa na litashughulikiwa kwa zamu yake. Baada ya hapo kukawa kimya. Niliandika Mei, nikaandika tena Julai, sikujibiwa. Septemba nikaanza kuandaa hati ya madai, na kabla sijaipeleka popote, tarehe 9 Oktoba, ikanifikia barua ya kurasa mbili inayosema kwamba wametafuta na hawakuona nyaraka zozote zinazohusiana na ombi langu, na kwamba ninayo haki ya kukata rufaa kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 90.

Wakili wa kwanza ananiambia kwamba wao ndio waliovunja muda wa sheria, kwa hivyo nisipoteze wakati na niende mahakamani. Wa pili anasema nifuate ngazi kwanza. Mimi mwenyewe sioni kitu cha kukatia rufaa, kwa sababu hawakuninyima nyaraka. Wamesema tu kwamba hawanazo. Jambo jengine linalonitia wasiwasi ni kwamba mimi si raia wa Marekani na sijawahi kufika huko. Je, nina haki ya kushitaki hata kidogo?

Karafuu Kavu

Waalaikumussalamu, ndugu yangu. Wakili wako wa kwanza ndiye aliyesema kweli. Sheria yao, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966, inaipa taasisi siku 20 za kazi kutoa uamuzi juu ya ombi. Siku hizo zikipita bila ya uamuzi, sheria yenyewe inamhesabu mwombaji kuwa amekwisha kumaliza njia za kiutawala, yaani ngazi za rufaa zilizo ndani ya taasisi yenyewe, hata kama hakukata rufaa yoyote, na mlango wa mahakama unakuwa wazi kwake. Barua ya tarehe 11 Machi haiwasaidii kitu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia, katika shauri la shirika la CREW dhidi ya Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, ilisema kwamba kumwambia mwombaji "tumelipokea ombi lako, tutakujibu" hakuhesabiki kuwa ni uamuzi. Ili jibu lihesabike, ni lazima taasisi iwe imekusanya na kuzipitia nyaraka, imeamua ni zipi itakazozitoa na zipi itakazozizuia pamoja na sababu zake, na imemjulisha mwombaji kwamba anaweza kukata rufaa.

Kwa hivyo haki yako ya kushitaki ilipatikana mwanzoni mwa Aprili, na haki ikishapatikana haipokonywi kwa barua iliyoandikwa baada ya miezi sita. Na kuhusu uraia usiwe na hofu: sheria inasema "mtu yeyote".

Mzee wa Vuga

Kijana wangu Karafuu Kavu ameeleza vizuri nusu ya kwanza ya jambo, na mtafiti akiifuata nusu hiyo peke yake ataruka majivu akanyage moto.

Ni kweli kwamba kuanzia Aprili hadi tarehe 8 Oktoba angeweza kushitaki bila ya kukata rufaa, kwa sababu taasisi ilikuwa kimya. Hakushitaki. Tarehe 9 Oktoba taasisi ikajibu, na hapo hali ikabadilika kabisa. Mwaka 1990 Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia, katika shauri la Oglesby dhidi ya Idara ya Jeshi la Nchi Kavu, ilishikilia kwamba ikiwa taasisi imechelewa kujibu, lakini jibu lake likamfikia mwombaji kabla hajafungua shauri, basi mwombaji huyo analazimika kukata rufaa ya ndani kwanza. Wakati shauri hilo lilipoamuliwa muda wa kujibu ulikuwa siku 10 za kazi. Ulirefushwa kuwa 20 na marekebisho ya mwaka 1996. Kanuni yenyewe haikubadilika, na mawakili wa Serikali ya Marekani wanaijua kama tunavyolijua sote pingamizi la awali, lile la kutaka shauri liondoshwe kabla ya kusikilizwa, katika mahakama zetu.

Anayefundishwa sheria kwa mara ya kwanza huona kwamba hapo pana dhulma: mtu amekawizwa miezi saba, halafu aliyemkawiza ndiye anayefaidika kwa barua ya dakika ya mwisho. Sikatai kwamba inauma. Lakini hoja ya mahakama ni kwamba ruhusa ya kuipita rufaa ilitolewa kwa sababu ya ukimya. Ukimya ukiondoka, na ruhusa nayo inaondoka. Mkuu wa taasisi amepata nafasi ya kurekebisha kosa la mtu wa chini yake, na mahakama haitaki kuwa ya kwanza kulisikia kosa hilo. Tunaoishi hapa tusilione jambo hili kuwa ni geni, kwa maana anayekwenda mbele na mgogoro wa mtaa hatua ya kwanza huulizwa kama amepita kwa sheha.

Sasa nije kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililomchanganya zaidi mtafiti wetu, nalo ni neno "hawanazo". Katika sheria hii, jibu la "tumetafuta, hatukuona" linahesabiwa kuwa ni uamuzi dhidi ya mwombaji sawasawa na jibu la "tunazo, hatukupi". Kinachokatiwa rufaa hapo ni upana wa upekuzi: walitafuta wapi, kwa maneno gani, na je, palikuwa na makabati au mafaili ambayo mtu makini angeyafungua nao wakayapita? Hata jibu la "hatuwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa nyaraka hizo", ambalo idara za ujasusi hulipenda, nalo linakatiwa rufaa. Asidanganyike mtu kwa upole wa maneno ya barua. Akiona imetaja haki ya rufaa na muda wake, ajue kwamba ameshapewa uamuzi.

Lau atakwenda mahakamani hivi sasa, Serikali itaomba shauri liondoshwe kwa kuwa limeletwa kabla ya wakati wake. Kwa mujibu wa mahakama za Washington, kama zilivyosema katika shauri la Hidalgo la mwaka 2003, sharti hili haliiondolei mahakama uwezo wa kulisikia shauri. Ni suala la busara ya kimahakama. Lakini wale wanaoshangilia tofauti hiyo wakumbuke kwamba Hidalgo mwenyewe alishindwa kwa sababu hiyo hiyo ya kutomaliza njia za ndani. Shauri likiondoshwa namna hii aghalabu mtu anaruhusiwa kurudi akishamaliza ngazi, ila hapo ndipo penye moto nilioutaja: siku 90 za rufaa hazisimami kumngojea mtu aliyeko mahakamani. Anaweza kutoka huko akakuta mlango wa rufaa nao umefungwa, na dola 405 za kufungulia shauri katika mahakama ya wilaya ya shirikisho zimekwenda na maji.

Ushauri wangu ni huu: kata rufaa, na kama mkuu wa taasisi hatotoa uamuzi ndani ya siku 20 za kazi tangu aipokee, hapo tena utahesabiwa kuwa umemaliza njia zote, na safari hii usilale kama ulivyolala kati ya Aprili na Septemba. Ukifika hapo, wewe usiyekuwa na makaazi Marekani unafungua shauri Washington, katika mahakama ya Wilaya ya Columbia, au mahali zilipo nyaraka zenyewe, nayo Serikali inatakiwa ijibu hati yako ndani ya siku 30 baada ya kupelekewa, badala ya 60 za mashauri mengine dhidi yake. Muda wa ukomo ni miaka sita, kwa hivyo hapana linalokukimbiza isipokuwa zile siku 90.

Binti Wete

Nimemsoma Mzee wa Vuga na sina la kupunguza. Naongeza tu yale niliyoyapitia mwenyewe nikiwa Pemba, katika ombi lililohusu misaada ya zamani ya kilimo, kwa taasisi nyengine ambayo nayo sitoitaja.

Mimi nilishindwa bila ya kufika popote. Baada ya kimya cha mwaka na zaidi ililetwa barua ikiniuliza kama bado ninazihitaji nyaraka nilizoziomba, na kwamba nisipojibu ndani ya siku 30 za kazi ombi litafungwa. Barua ile iliangukia kwenye sanduku la takataka la baruapepe yangu, nami nikaja kuiona ombi likiwa limekwisha kufungwa. Kwa hivyo, ndugu mtafiti, kila Jumatatu lifungue sanduku hilo.

Kuhusu rufaa yenyewe, watu wengi huiandika kama malalamiko, wakajaza ukurasa mzima kueleza walivyokawizwa. Kucheleweshwa hakumsaidii anayeisoma. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali ambapo mpekuzi hakufika. Ikiwa ombi lako la Machi lilitaja "Tunguu" peke yake, inawezekana kabisa kwamba mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kule hakupata kitu, kwa sababu katika maandishi ya Wamarekani kituo kile kiliitwa kwa jina la Zanzibar. Waandikie watafute kwa jina la Zanzibar, kwa jina la mradi wa Mercury, kwa tarehe za makubaliano na Waingereza ya mwaka 1960 na za kuondoshwa kwa kituo mwaka 1964. Ambatisha nakala ya karatasi yoyote uliyoipata Kilimani inayoonyesha kwamba taasisi hiyo iliandika au iliandikiwa barua. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una nguvu kuliko kurasa kumi za manung'uniko, na baadaye, Mwenyezi Mungu akijaalia mkafika mahakamani, hakimu atauliza upekuzi ulikuwa wa busara kiasi gani, nawe utakuwa umeshauweka ushahidi wako katika faili la kiutawala.

Kuna jambo jengine ambalo huenda likakuondolea safari yote. Karatasi za miaka ya 1960 mara nyingi hazipo tena kwenye taasisi zilizoziandika. Zimehamishiwa Nyaraka za Taifa za Marekani, na sehemu kubwa iko kwenye jengo lao la College Park, Maryland. Mafaili ya Wizara yao ya Mambo ya Nje yako katika kundi namba 59, na yale ya shirika lao la anga katika kundi namba 255. Mafaili yaliyokwisha kufunguliwa kwa umma hayahitaji ombi la kisheria wala rufaa; unawaandikia wahifadhi, unawaeleza mada na miaka, nao wanakuelekeza masanduku. Inawezekana basi kwamba waliokwambia "hatunazo" wamesema kweli tupu. Hata hivyo rufaa usiiache, maana usipoikata na ikaja kudhihirika kwamba nyaraka ziko kwao, itakubidi uanze upya kwa ombi jipya.

Karafuu Kavu

Nimekubali, Mzee wangu. Shauri la Oglesby nililisikia lakini nilidhani lilihusu mambo ya ada. Namwomba radhi mtafiti kwa kumpa nusu ya jibu.

Lakini naomba kuuliza, na sidhani kama natoka nje ya mada: hapo kwenye ofisi ya usuluhishi ambayo barua za Wamarekani huitaja siku hizi, je, mtu akipeleka malalamiko yake huko hahesabiki kuwa amemaliza njia? Na kwetu hali ikoje, kama mtu angetaka kufuata ngazi hizo hizo?

Mzee wa Vuga

Hahesabiki. Ofisi hiyo iko chini ya Nyaraka za Taifa za Marekani na kazi yake ni kupatanisha. Marekebisho ya mwaka 2016 yanazitaka taasisi ziitaje katika barua zao za kukataa, na marekebisho hayo hayo ndiyo yaliyoweka muda wa rufaa usiopungua siku 90. Unaweza kwenda kwao ukitaka, na pengine wakakusaidia kuliko rufaa, lakini kwenda huko hakuchukui nafasi ya rufaa wala hakusimamishi siku zako. Nenda huku umeshaikata.

Na kwa kuwa mwenye swali anashughulika na karatasi za mwaka 1964, marekebisho hayo ya 2016 yana faida nyengine kwake. Taasisi haiwezi tena kujificha nyuma ya kinga ya majadiliano ya ndani, ile inayoiruhusu kuzuia maoni ya maofisa wake yaliyotolewa kabla ya uamuzi kufikiwa, kwa waraka ambao umetimiza miaka 25 kufikia siku ulipoombwa. Iwapo rufaa itafaulu, waraka ukapatikana, kisha wakaubana kwa kisingizio hicho, awakumbushe.

Ama kwetu, Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoweka ngazi kwa ngazi, imeandikwa itumike Tanzania Bara, na anayeweza kuitumia ni raia tu, tofauti na ile ya Marekani ambayo hata mtu wa Tunguu anaweza kuitumia akiwa Tunguu. Chini ya sheria hiyo ya Bara, taasisi ina siku 30 za kujibu. Asiyeridhika anaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada yake anakata rufaa kwa Waziri. Anayetaka kuupita mlolongo huo na kwenda Mahakama Kuu ya Bara kwa hoja ya haki za msingi atakutana na marekebisho ya mwaka 2020, yanayomtaka amalize kwanza nafuu zote zilizomo katika sheria nyengine.

Mtafiti wa Tunguu

Nawashukuru nyote, na wewe Karafuu Kavu pia, maana bila ya jibu lako Mzee wetu huenda asingeandika yote hayo. Nimelifungua tena ombi langu la Machi na Binti Wete amelenga: nimeandika "Tunguu" mara nne na "Zanzibar" mara moja, tena kwenye anwani yangu. Hati ya madai nimeiweka kando na nimeanza rufaa. Nimehesabu siku 90 kutoka tarehe 9 Oktoba nikapata tarehe 7 Januari. Je, ni siku za kazi au za kalenda? Na niipeleke kwa posta au kwa baruapepe?

Binti Wete

Zihesabu kuwa ni za kalenda, na usiingoje Januari; mwisho wa Disemba ofisi zao huwa na watu wachache. Soma barua ya tarehe 9 Oktoba, ukurasa wa pili, chini: wameandika anwani ya rufaa, na mara nyingi si ile uliyopelekea ombi. Ipeleke kwa njia waliyoitaja. Kama wanapokea kwa mtandao, tumia mtandao, kisha uhifadhi ule ujumbe wa kupokelewa wenye tarehe na saa, kwa sababu siku zao 20 za kazi zinaanzia hapo. Juu ya barua na bahasha andika kwamba ni rufaa, na uitaje namba ya ombi. Ya kwangu ya mwanzo haikuandikwa hivyo, ikaingizwa kama ombi jipya na kupewa namba mpya.